Kicheko cha Forst

Taa za chumba cha maonyesho zilipowashwa, ndugu Dornbusch wa kamati ya filamu hakupoteza muda. "Hicho kicheko kitoke."

Roswitha Krahl alikuwa amewachemshia wanaume kahawa miaka mingi pale studio kabla ya kukubaliwa aongoze filamu yake mwenyewe, ya watu halisi kiwandani, na kicheko ndicho kilichokuwa roho ya filamu hiyo. Mkurugenzi wa kiwanda cha nguo cha mji wa Forst yuko jukwaani, anatangaza kuwa katika nchi yetu mwanamke hachoki. Traudel, mfumaji aliyetoka zamu moja kwa moja, anaangua kicheko, na ukumbi mzima unamfuata.

"Wamefurahi tu, ndugu," Roswitha alisema. "Au furaha nayo inaombewa kibali?"

"Usinifanye mtoto, Roswitha. Kikisikika, filamu inafungiwa kabatini isionyeshwe tena, na wewe unarudi kwenye birika."

Hasira zilimpanda hadi utosini, ila akazimeza. "Na nikizima sauti, picha ikabaki?"

"Haya. Watu watadhani wanashangilia." Dornbusch akatia sahihi kwenye kibali.

Roswitha akazima sauti yote ya kipande hicho. Hata muziki hakuweka.

Kwa desturi, filamu ya kiwanda huonyeshwa kwanza kwa wafanyakazi wa kiwanda chenyewe. Wafumaji wakajaa ukumbini Forst na keki zao, Dornbusch akakaa mbele kabisa. Kipande kile kilipofika, kimya kikatanda. Wanawake wakajiona wamefumbua vinywa, wanajipiga mapaja, na hakuna kinachosikika.

"Jamani, wametufanya mabubu!" Traudel akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi hapo nilikuwa nacheka!"

"Basi cheka, mwanamke! Nani kakushika mdomo?" mwenzake akamjibu.

Traudel akacheka. Wakacheka wote, kwa nguvu kuliko siku ile ya kupigwa picha, mpaka keki zikaanguka.

Dornbusch akaruka kitini. "Zima mashine!"

"Ya nini, ndugu?" Roswitha akamuuliza. "Kwenye filamu hamna kicheko hata kimoja. Sahihi yako ipo."

Filamu ikaingia kabatini, naye akarudishwa kwenye birika, kama alivyoahidiwa. Asubuhi ya kwanza alimwekea Dornbusch kikombe mezani, akamkazia macho, kisha akafumbua kinywa wazi kama Traudel, akajipiga paja, bila kutoa sauti.

Dornbusch hakuinywa kahawa ile.