Aliyetekwa Kwanza Husema Kwanza

Simba alipofukuzwa nyikani, nchi alizozitawala zilipata uhuru, kila moja na mfalme wake, ngoma yake na kiburi chake. Lakini hazikuzoea kuwa peke yao. Zikaunda Umoja wa Waliotawaliwa, zikawa zinakutana kila mwaka chini ya jabali alilokuwa akilalia Simba, ili zisaidiane kama ndugu waliochapwa fimbo moja.

Umoja ulikuwa na desturi isiyoguswa: wajumbe waliketi na kusema kwa mpangilio ule ule ambao Simba aliwateka. Aliyetekwa kwanza husema kwanza.

Paa, mjumbe wa Bondeni, alikuwa wa mwisho. Wazee wake walijificha vichakani miaka mingi kabla ya kukamatwa, na sasa werevu ule ulimponza mjukuu. Alikuja na neno moja tu. Askari wa Fisi walikuwa wamepiga kambi kivukoni, na Bondeni hapakuwa na maji mengine. Watoto walikuwa wakilamba umande. Aliomba baraza limwambie Fisi aondoke, basi.

Asubuhi yote ilipotea kwa ubishi. Punda Milia alidai kwao ndiko kulikotekwa kwanza. Nyumbu akakana, akisema babu yake alishafungwa kamba shingoni wakati akina Punda Milia wangali wakirandaranda.

"Nyinyi hamkutekwa, bwana," Nyumbu alisema. "Nyinyi mlijipeleka."

"Lakini tulijipeleka mapema," Punda Milia akajibu, na baraza likacheka.

Paa hakucheka. Aliwaza makoo ya wadogo zake. Fisi, aliyeketi mbele yake, aligeuka akamuuliza kwa upole habari za nyumbani. Akajibu nzuri, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kujibu, kisha akajichukia.

Jua lilikuwa limeinama zamu yake ilipofika. Alisimama, akaeleza yote bila kuyapamba. Fisi alisema, wala hakukasirika, kwamba askari wake wanalinda kivuko dhidi ya wezi. Mwenyekiti Nyati akakumbusha kanuni ya Umoja: ndugu hachungulii chungu cha ndugu. Hata hivyo roho ilimuuma, maana naye alikuwa na watoto. Akapendekeza aitwe msuluhishi asiye na upande, mwenye uzoefu, anayewafahamu wote.

Hakumtaja, na hakuna aliyeuliza ni nani. Waliafiki haraka, kama waliotuliwa mizigo, hata Nyumbu na Punda Milia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Paa alisema, "babu zetu walikufa wakimtoa."

"Atakuja kama mgeni, mwanangu. Kazeeka, hana meno tena. Si umetaka Fisi aondoke?"

Alikuwa ametaka. Akaketi.

Alirudi kwao mbio. Alipofika kivukoni, kambi ya Fisi ilikuwa tupu, majivu yangali na moto. Akavuka maji. Huko juu kwenye mteremko aliwaona wenzake wakishuka kwa vigelegele kuja kunywa, wadogo zake mbele. Kati yake na wao majani marefu yalitikisika, na upepo haukuwapo.

Akasimama.

"Usinitazame hivyo, binti," sauti ilisema taratibu kutoka majanini. "Safari hii nimeitwa."