Kitanda cha Dirishani

Elida aliambiwa avue sare yake mbele ya wenzake, kwenye kichumba cha kubadilishia nguo cha wodi ya wazazi, na Matroni Marcelina akamrushia gauni la mgonjwa ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya kiwandani. Lilitoka kwenye kabati la stoo pamoja na mashuka mapya ya bluu. Yote yalikuwa yamefungiwa humo tangu mwaka jana. Muda wote huo akina mama walilala juu ya mpira mtupu, ili mashuka yasichakae kabla mkubwa hajaja kuyaona.

"Utalala kitanda cha dirishani," Matroni alisema. "Wewe Kiswahili chako kimenyooka. Mgeni rasmi akikuuliza, umejifungua jana usiku, hukuambiwa ununue kitu chochote, na wahudumu wana lugha nzuri."

"Kitanda cha dirishani ni cha Rahabu, Matroni."

"Rahabu nimemhamisha."

"Lakini huyo anahitaji kuangaliwa. Jana damu ilimtoka nyingi kidogo."

"Elida." Matroni hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. "Mtihani wenu wa vitendo ni Alhamisi. Mwalimu wenu ameniachia mimi niseme nani ana tabia ya uuguzi na nani hana. Una shida ya kulala?"

Elida hakuwa na shida ya kulala. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya uuguzi, na somo la haki za mgonjwa alilifaulu kwa alama ya juu kabisa darasani. Chuo kilimrudisha kwao Kigoma kwa mazoezi, na hapo ndipo alipojifunza kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ni kunyamaza. Mwenzao mmoja, Agape, aliwahi kumjibu Matroni mbele ya wagonjwa. Akaandikiwa kuwa hana tabia, akaambiwa arudie mwaka, mkopo ukakatwa, na sasa anauza vocha Buzebazeba chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Mama yake Elida, ambaye huanika dagaa Katonga, alikuwa ameshamtangazia ufuko mzima kwamba binti yake anamaliza mwaka huu. Aliwaambia hata wale ambao hawakuuliza.

Kwa hiyo alivaa gauni.

Wodini kulikuwa na maajabu. Jana yake wazazi walilala wawiliwawili kitandani, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na waliokosa nafasi walitandika vitenge vyao sakafuni. Msongamano huo ulikuwa umejadiliwa kwenye vikao vya hospitali kwa miaka, kwa chai na maandazi, na haukupatiwa dawa. Asubuhi hii wafagiaji wawili na kiti cha magurudumu waliumaliza kabla jua halijakolea. Aliyeweza kutembea aliruhusiwa kwenda nyumbani, apende asipende. Asiyeweza alipelekwa stoo ya magodoro mabovu, nyuma ya chumba cha kufulia. Vitanda vilivyobaki wazi vilijazwa wanafunzi wa uuguzi, wasichana wenye afya, waliosuka vizuri, wasionuka maziwa wala damu.

Rahabu alikuwa mmoja wa waliopelekwa stoo. Alikuja kwa boti kutoka Mwamgongo akiwa ameshikwa na uchungu, pamoja na mama mkwe wake, Honorata, aliyebeba beseni kichwani. Ndani ya beseni kulikuwa na glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kulalia, vitu ambavyo kila mama huambiwa kliniki aje navyo, na ambavyo kila kiongozi husema jukwaani kuwa vinatolewa bure. Elida ndiye aliyempokea mtoto, dume kubwa, lenye mashavu. Baadaye damu iliendelea kuja kuliko inavyotakiwa. Elida alimsugua tumbo chini ya kitovu mpaka kizazi kikajikaza kama ngumi, kisha akamweka mtoto kifuani.

"Mama, mtoto asitoke ziwani," alimwambia Honorata. "Akinyonya, kizazi kinajibana, na damu inapungua. Umenielewa?"

"Ndiyo, sista," Honorata alisema. "Sitamtoa."

Hakumtoa. Aliyemtoa ni Matroni. Mgeni rasmi alitaka picha na mtoto mchanga, na kati ya watoto wote waliokuwepo, wa Rahabu ndiye aliyenona. Matroni alimfunga kwenye blanketi jipya la njano akamleta wodini na kumlaza mikononi mwa Elida.

"Ni wa Rahabu," Elida alisema.

"Ni wa kuazima. Msafara ukipita anarudishwa."

Matroni akarekebisha shuka, akavuta mto, akamtazama Elida kutoka mbali na kutoka karibu, kama mtu anayepanga nyanya juu ya meza sokoni. Kisha akatoka kwenda kupokea wageni, na ufunguo wa friji ya sindano za kuzuia damu ukiwa kiunoni mwake, kwa sababu dawa huibiwa, na katika hospitali ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kuiba isipokuwa kwa utaratibu.

Msafara ulichelewa. Mtoto aliamka, akaanza kugeuza uso huku na huku kutafuta ziwa. Elida alijua maana yake. Alijua pia kwamba nyuma ya chumba cha kufulia kuna ziwa linalomsubiri huyu mtoto, na mwili wa mwanamke ambao hautajikaza vizuri bila mdomo wake. Haya yote yalikuwa kwenye mtihani wa mwaka wa pili. Alimpa kidole kidogo anyonye.

Ndipo aliposikia mtu anakwaruza wavu wa dirisha nyuma ya kichwa chake.

"Sista." Alikuwa Honorata, nje, amesimama juu ya tofali. "Sista, amaraso. Damu. Amelowesha kitenge cha pili."

"Mwite muuguzi wa zamu."

"Nimekwenda mlangoni, wamenifukuza. Wamesema nina matope."

Mlango mkubwa wa wodi ulifunguliwa. Makofi yalisikika, na viatu vingi vya ngozi.

"Msugue tumbo," Elida alinong'ona bila kugeuka. "Chini ya kitovu. Kwa nguvu, usiogope akilia."

"Mlete mtoto, sista. Ulisema mtoto asitoke ziwani."

"Nakuja, mama. Subiri kidogo."

Hilo neno dogo lilimtoka kirahisi. Ni neno la hospitali, hufundishwi, unaambukizwa tu. Honorata alishuka kwenye tofali. Kandambili zake zilisikika zikikimbia kuelekea stoo.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, suti ya kijivu na leso ya kujifutia jasho, na alimpenda kila mtu. Alisimama kila kitanda. Alimshika mkono kila mwanafunzi aliyejifanya mzazi, akampa pole, akampa kipande cha sabuni na pakiti ya nepi. Nyuma yake walifuata madaktari, Matroni, watu wa kamera, na Mwalimu Wilfred kutoka chuoni, aliyevaa tai. Mwalimu Wilfred ndiye aliyewafundisha maadili ya taaluma muhula mzima. Alipita katikati ya wanafunzi wake waliolala na magauni ya wagonjwa, na hakumwona hata mmoja. Alikuwa anatazama feni.

Elida alihesabu vitanda vilivyobaki mbele yake na kujiambia kwamba mwanaume huyu akifika, atamwambia. Angesema tu: mheshimiwa, mama wa huyu mtoto anakufa huko nyuma. Maneno machache sana. Aliyapanga mdomoni, yakawa tayari.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema.

"Marahaba, mama. Hongera sana. Dume hilo?"

"Dume, mheshimiwa."

"Umetokea wapi?"

"Mwamgongo."

"Mbali. Umeona sasa, hata mtu wa Mwamgongo anapata kitanda na shuka safi." Aliwageukia wa kamera ili wasipitwe. "Haya niambie ukweli, usimwogope mtu hapa. Kuna aliyekwambia uje na glavu? Wembe? Mpira?"

Matroni alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu kama mama mzazi.

"Hapana, mheshimiwa," Elida alisema. "Kila kitu nimepewa."

Wakapiga makofi. Mtoto aliposikia kelele akaanza kulia, kilio cha njaa, kikali.

"Anataka ziwa huyo," mgeni rasmi alisema, akacheka, na wote wakacheka kwa kipimo chake. "Mnyonyeshe, mama, usione haya, sisi ni wazazi wenzako. Na mwandike hili: maziwa ya mama hayana mbadala. Mtoto anyonye, na anyonye mapema. Si ndiyo, Matroni?"

"Kabisa, mheshimiwa. Hata mama mwenyewe yanamsaidia. Yanazuia damu kutoka."

"Mnaona? Sayansi hiyo."

Elida alijifunika kitenge, akamsogeza mtoto kwenye ziwa lake kavu. Mtoto alilishika kwa nguvu zake zote, akavuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Kamera zilimulika. Mgeni rasmi alitoa hotuba fupi pale pale juu ya lishe, na hotuba hiyo ilikwenda ikafika kwenye barabara, ikafika kwenye meli, ikarudi kwenye lishe. Matroni alitikisa kichwa kukubali kila kituo. Elida alisikia kandambili zikirudi chini ya dirisha. Safari hii hazikukimbia. Zilisimama tu, na hakuna aliyekwaruza wavu.

Msafara ulipoelekea ukumbini, ambako migebuka ya kukaanga na soda vilikuwa vinasubiri, Elida aliruka kitandani na kukimbia peku, mtoto kifuani. Wafagiaji walikuwa wameshaanza kuvua mashuka.

Stoo ilinuka mkojo wa panya. Rahabu alilala kwenye godoro lililopasuka, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Honorata alikuwa amesharudi na amepiga magoti pembeni yake, mikono yote miwili chini ya kitovu, anasugua kwa nguvu kama alivyoagizwa. Akina mama wengine walikuwa wamesogea ukutani na watoto wao. Elida alishika kifundo cha mkono wa Rahabu, akashika shingo. Kisha akamlaza mtoto kifuani pa mama yake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mtoto akatafuta, akapata, akanyonya.

"Mtoto amerudi," Honorata alimwambia mkwewe. "Rahabu. Mtoto huyu hapa." Hakuacha kusugua. Ilibidi Elida amtoe mikono, kidole kimoja kimoja.

Alijidharau. Alijidharau hata kabla hajasimama. Lakini waliostahili zaidi dharau hiyo walikuwa ukumbini wanachambua miiba ya migebuka, na hakuna hata mmoja aliyesakamwa.

Jioni iliandikwa kwamba marehemu alichelewa kufika hospitali. Aliyesema iandikwe hivyo ni Matroni. Aliyeona inatosha ni daktari. Mwalimu Wilfred alimkuta Elida kwenye ngazi, amerudishiwa sare yake.

"Inatokea," alisema. "Utazoea. Umefanya vizuri leo, hospitali imefurahi sana na chuo chetu."

"Mwalimu, wewe ulituona."

"Pumzika, Elida. Alhamisi ni keshokutwa."

Sabuni na nepi zilikusanywa, zikahesabiwa, zikarudi kabatini pamoja na mashuka. Blanketi la njano pia lilitakiwa. Honorata alilikunja vizuri, akalikabidhi kwa mikono miwili na kusema asante, kwa kuwa alilelewa hivyo. Akamfunga mjukuu kwenye kitenge kilichobaki kikavu, na kesho yake boti ikawachukua watatu hao kurudi Mwamgongo, mmoja akiwa amefunikwa turubai la samaki.

Alhamisi mtihani ulifanyika wodini. Wazazi walikuwa wamerudi kulala wawiliwawili, juu ya mpira mtupu. Mwalimu Wilfred alikaa kwenye kiti, Matroni kando yake na chupa ya chai. Kwenye kitanda cha dirishani walikuwa wamelaza mdoli wa plastiki, wa kike, usio na miguu, uliopakwa rangi nyekundu chini. Ukutani juu yake ilibandikwa picha mpya kubwa: mgeni rasmi anacheka, na mama kijana amejifunika kitenge, ananyonyesha.

"Mwanamke amejifungua, anatoka damu nyingi," Mwalimu Wilfred alisema. "Uko peke yako naye. Hatua ya kwanza unafanya nini? Usinieleze, onyesha."

Elida alivaa glavu. Hatua ya kwanza aliijua. Kila mwanafunzi wa uuguzi anaijua, inatangulia kusugua tumbo, inatangulia sindano, inatangulia kila kitu. Aliweka mkono juu ya tumbo la plastiki, akageukia mlangoni, akafumbua mdomo.

"Nisaidieni!" alipiga kelele. "Mama anakufa huku! Nisaidieni!"

Wodi nzima ilishtuka. Watoto waliamka. Mfagiaji aliacha ndoo akaja mbio mpaka mlangoni. Elida alikuwa bado anapiga kelele, macho makavu, anasugua lile tumbo lisilojikaza, na sauti yake ilitoka dirishani, ikapita chumba cha kufulia, ikateremka kuelekea ziwani.

"Inatosha," Mwalimu Wilfred alisema, akaweka tiki.

Matroni alimimina chai yake. "Vizuri sana," alisema. "Ila mwanangu, si lazima useme kwa sauti hiyo. Utatisha wagonjwa."