Kifundo cha Nahodha

"Mvueni hiyo herufi!"

Sauti ilitoka safu ya nyuma, na Verna Pawliuk hakuwa na haja ya kugeuka ili amjue mwenyewe. Alikuwa Blaine Shewchuk, mwenye duka la matairi, ambaye kwa msimu mzima hakuwa ameona mchezaji hata mmoja wa Mbweha wa Harrow Bend aliyestahili kuvaa jezi ya timu hiyo.

Herufi aliyotaka ivuliwe ilikuwa C, ile inayoshonwa kifuani mwa nahodha. Aliyeivaa alikuwa Kellan Fiddler, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka kaskazini, ambaye kwa misimu miwili alikuwa akilala katika chumba cha chini nyumbani kwa Verna. Ndiyo desturi ya miji ile ya ngano: wavulana wanaokuja kucheza hoki ya barafu hugawiwa katika nyumba za watu, wakapewa kitanda, chakula, na mtu wa kuwauliza kwa nini wamechelewa kurudi. Verna alikuwa amewalea wengi. Huyu alimpenda kuliko wote, wala hakujisumbua kulificha jambo hilo. Kijana alikuwa amebakiza msimu mmoja kabla umri haujamtoa katika ligi, na alikwisha kumwahidi kwamba angeumalizia katika chumba kilekile. Verna alikuwa ameanza kukipaka rangi mpya.

Dakika za mwisho zilikuwa zikiyoyoma na Mbweha walikuwa nyuma kwa bao moja. Kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipigania kikateleza mpaka kwa Kellan mbele ya lango, mahali ambapo hata mtoto angepiga. Kellan akakisukuma pembeni kwa mwenzake, mwenzake akakikosa, king'ora kikalia.

"Umeona?" Blaine akanguruma. "Umeona, Verna? Kijana wako anaogopa kupiga! Unamlisha nini huko nyumbani, uji wa mgonjwa?"

"Nyamaza, Blaine."

"Ninyamaze vipi? Timu nzima ni chekechea, na nahodha mwenyewe bado anataka kushikwa mkono avuke barabara. Tumepigwa mechi tatu kati ya tano, bibie! Wakitupiga ya nne, kwaheri msimu, twende zetu tukasubiri theluji iyeyuke."

Verna alikuwa na jibu, nalo lilikuwa la kweli: mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto wa Kellan ulikuwa umepasuka tangu duru iliyotangulia. Kijana hakuweza kupiga kwa nguvu kwa sababu gongo lenyewe alilishika kwa shida. Lakini katika mechi za mtoano hakuna anayetaja jeraha. Kocha akibanwa sana na waandishi husema "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini ya mwili", akaishia hapo. Maana mpinzani akijua panapouma, hapo ndipo gongo lake litakapotua. Jambo hili hulijua kila mtoto wa Harrow Bend kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Verna alilimeza jibu lake, akafunga zipu ya koti, akatoka bila kumuaga mtu.

Jikoni kwake, Orest, mumewe, alikuwa amekwisha kuweka juu ya jiko sufuria ya pirohi, vile vidonge vya unga vilivyojazwa viazi, na alikuwa akikaanga vitunguu. Redio ilikuwa wazi. Lyle Dubyk alikuwa akiendesha kile kipindi cha mashabiki kinachofuata kila mechi, ambacho watu wa mji ule hukisikiliza kwa utulivu wasioupata kanisani.

"Mimi sina ubaya na mtoto wa mtu, Lyle," mama mmoja alikuwa akisema, "lakini uongozi uko wapi? Wakifungwa bao, wanatazamana kama kuku walionyeshewa."

"Timu ina wavulana wa miaka kumi na sita, mama. Ndiyo changa kuliko zote kwenye ligi."

"Uchanga si ugonjwa! Wakati wetu nahodha alicheza na taya imefungwa waya. Hakulalamika."

"Hakuweza kulalamika, mama, si ulisema taya ilifungwa?"

Orest akacheka kidogo, akaacha alipoona uso wa mkewe.

Akapiga simu mwalimu mmoja, akasihi kwamba vijana wapewe muda. Akazomewa na wawili waliomfuata. Mmoja akataka kocha afukuzwe. Mwingine akataka wachezaji wote wafukuzwe, kocha abaki. Kisha Blaine.

"Lyle, nakwambia kitu kimoja tu. Yule Fiddler ameridhika. Anakula vya bure kwa kina Pawliuk, analala, anaamka, anajipitisha na hiyo C madukani. Umeshawahi kumwona amekasirika? Kijana hana moyo. Basi. Hana moyo."

Verna alikwisha kuinyakua simu ukutani.

"Verna," Orest akasema, "iweke chini hiyo."

"Umemsikia alivyosema?"

"Nimemsikia. Iweke chini."

Hakuiweka. Vidole vilizijua namba za kituo kama vilivyozijua vifungo vya nguo yake. Lyle alipoitikia tu, Verna alianza, na alichoanza nacho hakikuwa salamu.

"Hana moyo? Mnathubutu kusema hana moyo? Mkono umevunjika, Blaine! Kifundo cha kushoto! Namfunga bandeji kila asubuhi kwa mikono yangu hii, namwona anavyouma mdomo asilie, halafu anaingia kwenye barafu kuwachezea nyinyi, nyinyi mliokaa na vitambi vyenu mkimtukana! Nani kati yenu angeweza? Nani?"

Lyle akakohoa.

"Bi Verna… tuko hewani."

"Najua tuko hewani!"

Alipokwisha kulitamka hilo ndipo alipolijua kweli. Akaitundika simu ukutani. Orest alizima jiko, akabaki ameligeuzia dirisha mgongo.

"Kituo kile," akasema taratibu, "kinashika mpaka Stanwick."

Stanwick ndiko walikokuwa wakitoka wapinzani, na ndiko mechi ya sita ingechezwa.

Kellan aliporudi alikuwa amekwisha kuambiwa. Alisimama mlangoni na viatu vyake vyenye theluji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni kweli ulipiga simu, Mama V?"

"Walikuwa wanakutukana, mwanangu. Yule mwehu alisema huna moyo."

"Huwa wananitukana. Nimezoea."

"Mimi sijazoea!" akang'aka Verna. "Wala sitazoea! Mtu mzima mwenye akili zake anakaa—"

"Basi," Kellan akasema. Hakupaza sauti. Alivua viatu, akateremka ngazi, akaufunga mlango wa chumba chake polepole, na Verna aliona ingekuwa afadhali mara mia angeubamiza.

Jumapili mchana, watu wa Harrow Bend walijaza sehemu yao ndogo katika uwanja wa Stanwick. Verna alikaa karibu na Orest, Blaine safu ya nyuma kama kawaida. Timu zilipoingia, upande wote wa wenyeji ulisimama. Hawakuimba. Waliinua mikono yao ya kushoto, maelfu ya mikono, wakaanza kugonga vifundo vyao kwa vidole viwili, kwa mwendo mmoja, kama watu wanaouliza saa. Na juu ya vichwa vyao kikapanda kitambaa kirefu kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: ASANTE, VERNA.

Orest akauweka mkono wake juu ya goti la mkewe. Verna akautoa. Hakustahili kushikwa, na kushikwa kulimtia hasira zaidi. Aliwachukia watu wa Stanwick, mmoja mmoja na wote pamoja. Alimchukia Blaine. Alimchukia Lyle kwa kuitikia simu upesi vile. Lakini alipokwisha kuwamaliza wote, kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la mtu mmoja tu.

Kipindi cha kwanza hakikufika mbali. Mlinzi wa Stanwick, jitu la kijana lenye namba arobaini na nne mgongoni, lilimsubiri Kellan ageuke pembeni, likashusha gongo juu ya kifundo cha kushoto. Refa alikuwa akitazama kwingine. Kellan alipiga magoti, akaukunja mkono tumboni, na kelele za uwanja zikawa kama za watu waliopewa zawadi.

Jory Pelletier, mdogo kuliko wote katika timu, alikwisha kuzitupa glavu zake kwenye barafu. Alikuwa akilia waziwazi huku akiteleza kumwendea lile jitu.

"Mwacheni ampige!" Blaine akapiga kelele.

Na kabla hajajijua, Verna naye alikuwa amesimama. "Mpige, Jory! Mvunje! Mvunje na yeye!"

Kellan akainuka. Alimkamata Jory ukosi kwa mkono wa kulia, akamvuta, akamsukuma mpaka kwenye benchi, akamwambia jambo sikioni. Kisha akainua macho juu, moja kwa moja, mpaka yakamkuta Verna amesimama na ngumi hewani. Akatikisa kichwa mara moja. Verna akakaa.

Nahodha ndiye mwenye haki ya kuzungumza na refa. Kellan alimfuata, akasimama mbele yake mkono umening'inia, akazungumza kwa adabu kama mtu anayeuliza njia. Refa akaenda kwa msaidizi wake, wakanong'ona, akarudi, akamwonyesha namba arobaini na nne kizimba cha adhabu. Kabla muda wake haujakwisha, Mbweha, wakiwa na mtu mmoja zaidi, walisawazisha bao walilokuwa wamefungwa mwanzoni. Jory ndiye aliyelipachika. Kama angalipigana, angalikuwa kizimbani yeye.

"Ee bwana," Blaine akasema nyuma, kwa sauti ambayo Verna hakuwahi kuisikia kwake. "Huyo sasa ndiye nahodha."

"Leo umemwona?" Verna akamgeukia, macho yamewiva. "Wiki iliyopita alikuwa nani?"

"Wiki iliyopita sikujua! Ningejuaje? Lakini wewe ulijua, Verna. Ulijua, ukawaambia wao." Akasonta kidole kwenye kitambaa. "Kwa hiyo usinikaripie mimi."

Mwanamke mmoja upande wa pili akadakia bila kumtazama mtu: "Wengine midomo yao ingeshonwa kabla ya kushona herufi kifuani mwa nahodha."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake uwanjani, kila neno ambalo Verna angetaka kulisema lingemrudia mwenyewe.

Mbweha walifungwa katika kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, mabao mawili kwa moja. Kellan alimaliza mechi akilishika gongo kwa mkono mmoja kama fimbo ya mchungaji, akijitupa mbele ya kila kisahani, na wenyeji waliacha kugonga vifundo vyao muda mrefu kabla ya king'ora. Kisha timu zote mbili zikapanga mistari, kama ilivyo desturi mfululizo wa mechi unapokwisha, wakapeana mikono mtu kwa mtu. Kellan aliongoza wa kwake. Alipofika kwa namba arobaini na nne, alimpa mkono wa kulia, akamtazama usoni, akapita. Lile jitu ndilo lililoinamisha kichwa.

Verna alimngojea kando ya basi la timu, upepo ukimchoma masikio. Kellan akatoka, mkono umefungwa kwenye ubao, koti limewekwa mabegani tu.

"Mwanangu," Verna akaanza.

"Mama V, ngoja nikuambie mimi kwanza." Sauti yake haikuwa baridi. "Niliwaambia wenzangu wote wanyamaze. Wote. Jory ana miaka kumi na sita, hana hata ndevu, na mama yake alimuuliza akamwambia hajui. Redioni wanasema sisi watoto hatuna nidhamu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyesema. Hata mmoja!"

"Nilikuwa nakutetea."

"Ulikuwa umekasirika. Ukataka kumshinda Blaine." Alipumua. "Hata leo. Nikiwa pale chini na mkono huu, wewe unamtuma mtoto akapigane."

Verna angetaka kukasirika, alikuwa amezoea hasira. Lakini kila lililomjia lilimpa Kellan haki.

"Chumba nimekipaka rangi," akasema mwishowe, akajichukia kwa kulisema.

"Najua. Nilikiona." Kellan akatazama matairi ya basi. "Nitarudi msimu ujao. Kocha ameniomba, nimekubali. Lakini sitalala kwako, Mama V. Kina Hnatiuk wana nafasi. Nikiwa nyumbani nataka niweze kuumwa bila mji kujua."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo." Akapanda basi.

Orest alikuwa amewasha gari. Blaine na wengine walikuwa wamesimama karibu nalo, mikono mifukoni, wakimsubiri Verna kwa nyuso za watu wanaotaka kuuliza na kuogopa kuuliza.

"Amesemaje?" Blaine akauliza. "Anaendelea? Tuambie basi, Verna. Atarudi?"

Verna akamtazama. Mara hii alilipima neno kabla hajalitoa, na lilikuwa neno ambalo kila mtu angelisikia kesho hata kama yeye asingelisema.

"Atarudi," akasema.

Wakapiga kelele za shangwe. Blaine akamkumbatia mtu ambaye hakumjua. Mmoja akaegemea honi ya gari lake, wa pili akamfuata, wa tatu, mpaka uwanja mzima wa magari ukalia kwa furaha. "Nahodha anarudi!" wakaitana. "Anarudi!" Verna akaingia garini, akaubamiza mlango, akamwambia Orest aendeshe.