Mtaro Huzibuliwa Kutoka Chini

Maneno yalimfikia Mama Sindano akiwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo hakuweza kuyajibu hapo hapo. Jirani yake, Mama Mkaa, alikuwa amesimama juu ya kigoda apimiwe pindo la sketi, na mtu aliyesimama juu ya kigoda hana la kufanya ila kusema.

"Mimi si mtu wa maneno," alianza, na ukimsikia Mama Mkaa akianza hivyo ujue yanakuja. "Lakini nimesikia binti yako amemwomba Msusi akakae kwake. Ahame kabisa, na nguo zake."

Mama Sindano akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kipande cha sponji.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu wana majina."

"Watu tu, mwenzangu. Nimekuletea kama nilivyopokea, sikutia hata chumvi. Na hilo pindo usiliache refu, nitalikanyaga."

Mama Sindano akacheka kidogo, akasema watu hawana kazi, akaendelea kupima. Lakini pindo lile alilishona likaenda upande, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kurudia pindo la sketi.

Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kike, wa miaka kumi na minne. Baba yake aliondoka angali anatambaa. Mama Sindano alimlea chini ya meza ya cherehani, akilala juu ya vipande vya kitambaa, na hakuna homa iliyompata mtoto yule ambayo mama hakukesha nayo. Waliishi wawili kama chanda na pete. Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia mwanawe anataka kuhama, umemtia kaa la moto kifuani.

Na kama angekuwa mtu mwingine pengine lingepoa. Lakini alikuwa Msusi.

Lazima nieleze habari ya mtaro. Mtaa wao ulikuwa mteremko, na katikati ulipita mtaro uliofunikwa kwa vifuniko vya zege, kuanzia kwa Mama Sindano juu kabisa hadi chini, kwenye wavu wa chuma na bomba kubwa la barabarani. Miaka ya nyuma ulikuwa umeziba, watu wakipita wameshika pua na watoto wakiharisha kila msimu wa mvua. Mama Sindano ndiye aliyechukua koleo Jumamosi moja akaanza peke yake. Watu wakamcheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakamtazama, ya tatu Fundi Bomba akaja na mabuti yake. Fundi huyo ndiye aliyewafundisha kanuni waliyoishika hata watoto: mtaro huzibuliwa kutoka chini. Unaanza kwenye wavu, unapanda nyumba kwa nyumba. Ukizibua juu kwanza, uchafu wote unamshukia wa chini, na mbele yake njia bado haijafunguka.

Hivyo kila Jumamosi walianza chini, wakamaliza kwa Mama Sindano, na yeye akawapa maji ya kunawa. Miaka mitatu. Kuhara kukapungua, nzi wakapungua, na watu walikuwa wakisema "mtaro wa Mama Sindano" kama vile aliuzaa.

Ndipo akaja Msusi, akapanga chumba cha mwisho kule chini karibu na wavu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchapakazi, mwenye maneno matamu na kicheko kinachosikika nyumba nne. Jumamosi yake ya pili alileta madumu yaliyokatwa nusu yenye maua, akayapanga kando ya mtaro. Akapaka vifuniko rangi. Wanaume waliokuwa wakijifanya wagonjwa kila Jumamosi wakapona ghafla. Haukupita mwaka watu wakaanza kusema "mtaro wetu." Mama Sindano alisema ni vizuri, mtaa unapendeza. Alisema hivyo kwa mdomo.

Binti akawa kila akitoka shule anapitia huko. Anashika kitana, anachambua nywele za kusukia, anafagia. Kicheko chake kilikuwa kinapanda mtaa mzima hadi kwenye cherehani, kicheko kipya ambacho nyumbani hakikuwahi kuingia. Jumapili moja Mama Sindano akakaa na mafuta na kitana, akamwita aje asukwe kama desturi yao.

"Dada Msusi kashanisuka, mama."

"Huko kwa Msusi kuna nini kisichokuwa hapa?"

Binti akafikiri. "Kuna kioo kikubwa."

Tangu hapo mama akawa ananusa mto wa mwanawe, na harufu ya mafuta ya kwa Msusi ikimpanda kichwani kama moshi. Akaanza maswali. Ulikaa na nani? Mliongea nini? Alikupa nini ule? Kwa nini unatabasamu? Lakini hata Mama Mkaa alipoleta maneno yake, swali moja, lile la kuhama, hakuliuliza. Angeliuliza siku ile ile, kwa upole, pengine nisingekuwa na la kuandika.

Alhamisi jioni watu wa mtaro walikutana uani kwa Fundi Bomba. Habari ilikuwa kubwa: Jumamosi saa nne wageni wa halmashauri wangekuja kuutazama mtaa, na mtaa utakaowapendeza utawekewa taa za barabarani. Akatakiwa mtu wa kuwatembeza.

"Msusi anajua kuongea," mtu akasema. Mikono ikapanda. Mama Sindano aliona na mkono wa binti yake, aliyekuwa amekaa mlangoni na wala hakuwa na kura. Akainua na wa kwake, mzito kama pasi ya mkaa.

Msusi akasimama. "Kazi hii mimi nimeikuta," alisema. "Mwenyewe ni Mama Sindano. Twende wawili."

"Hapana, mdogo wangu. Mimi maneno yangu ya cherehani, nitakuaibisha bure."

Watu wakacheka, naye akacheka. Alienda nyumbani amemeza shubiri. Usiku huo hakuwaza taa wala wageni. Aliwaza kwamba wamemchukulia mtaro na sasa wanamchukulia mtoto, na mchukuzi ni mmoja.

Ijumaa asubuhi akagonga milango ya nyumba saba za juu.

"Jamani, sisi wa huku juu tuzibue kipande chetu leo. Wageni wakija kesho wakute kwetu maji yanakimbia. Kwa nini tungoje wa chini watufikie saa tano, wageni wameshaondoka?"

"Si tunaanza chini siku zote?" akauliza jirani mmoja. "Fundi Bomba anasemaje?"

"Amekubali."

Fundi Bomba alikuwa ng'ambo ya jiji akifunga matangi, hakuambiwa neno. Lakini nani angedhani Mama Sindano, mwenye mtaro wake, atasema uongo juu ya mtaro? Wakatoa makoleo. Wakafungua vifuniko, wakakokota tope na kulisukuma literemke, pamoja na chupa na vitambaa; kipande cha bati kilichooza mtu alikitoa akakiacha ukingoni. Kufika saa sita nyumba saba za juu zilikuwa safi kama sahani. Mama Sindano alimwagia maji ya mwisho mwenyewe, akayatazama yakiteremka.

Saa tisa na nusu mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, ilikuwa ya haraka. Maji yalipita mlangoni kwa Mama Sindano kama yameitwa, na yeye alisimama kizingitini ameshika kiuno, moyo umetulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Waje sasa waone mtaro wa nani.

Mama Mkaa akatokea amejifunika gunia.

"Chini kumejaa. Wavu umeziba. Mwanao yuko wapi?"

"Shuleni."

"Shule imefunga zamani, mwenzangu. Mimi nimemwona kwa Msusi."

Mama Sindano alikimbia bila viatu. Kila alivyoteremka maji yalipanda, kutoka nyayoni hadi magotini, meusi, yananuka kila kitu walichokisukuma asubuhi. Msusi alikuwa amepiga magoti mbele ya wavu, mkono umezama hadi begani, akivuta. Binti alikuwa akitoka chumbani na kikapu cha vifaa vya Msusi kichwani, akisaidia kuokoa. Alimwona mama yake. Akafungua mdomo aseme kitu, kisha akakaa chini ndani ya maji kana kwamba amevutwa.

Ni lile bati. Lilikuwa limeteremka na maji na kusimama kwa ncha karibu na mlango, na unyayo wake wa kulia ulipasuka kutoka kisiginoni hadi karibu na vidole.

Msusi alifika kwanza. Akafunga taulo kwenye mguu, akamweka binti mgongoni.

"Nipe mwanangu," Mama Sindano alisema.

"Tukibadilishana hapa tutaanguka wote. Shika mguu, dada, uinue juu usiguse maji."

Basi ndivyo walivyokwenda hadi zahanati. Msusi mbele amembeba mtoto, na mama mzazi nyuma, ameshika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa chungu, damu inamchuruzika viwikoni. Mtoto alikuwa ameulaza uso kwenye shingo ya Msusi. Hata hapo, Mungu amsamehe, Mama Sindano aliuonea wivu mgongo.

Muuguzi akatazama wanawake wawili waliojaa tope. "Mama wa mgonjwa nani?"

"Mimi," akasema Mama Sindano, kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke.

Wakati binti anashonwa walikaa kwenye benchi moja. Mama Sindano akalitoa lile swali lililokuwa limemkaa wiki nzima.

"Ni kweli aliomba kuhamia kwako?"

Msusi hakuzunguka. "Kweli. Mwezi uliopita."

"Alisemaje?"

"Alisema unamhoji kama askari. Alisema unanusa mto wake ukidhani amelala."

Mama Sindano akatazama mikono yake. "Wewe ukamjibuje?"

"Nilimwambia kwangu kuna kitanda kimoja na kwao kuna mama. Nikamwambia akae, utapoa. Sikukuletea habari kwa sababu niliona ukijua utamtesa kwa maswali zaidi." "Sasa niulize na mimi. Leo Ijumaa. Nani amezibua juu?"

Mama Sindano akaanza kukwangua tope kwenye nguo yake. Msusi akamtazama, akaelewa, akasimama akaenda kukaa benchi la pili.

Kesho yake wageni walikuja saa nne kamili na viatu safi. Walikuta mtaa wa chini una tope hadi vizingitini, magodoro yameanikwa juu ya vifuniko vyenye rangi, madumu ya maua yamelala. Walisimama pale juu, wakaandika kitu kwenye karatasi, wakaondoka bila kuteremka. Taa zilikwenda mtaa mwingine.

Fundi Bomba alikuwa kwenye wavu akivuta kilichoziba. Kikatoka fungu refu, vipande vya kitambaa cha sare na nywele za bandia vimesokotana kama kamba.

"Haya, fundi cherehani na msusi," akasema, "humu mmeelewana vizuri." Hakuna aliyecheka. Akaliweka fungu chini. "Nani alisema nimekubali?"

Wale wa nyumba saba hawakumtaja mtu. Walitazama tu upande mmoja. Mama Sindano akasema ni yeye, akasema na kwa nini, mbele ya wote, na neno wivu likamtoka kwa shida kama mwiba wa samaki. Hawakumfukuza. Walimwambia kuanzia Jumamosi ijayo atafanya kazi kwenye wavu, na anayefanya kazi pale ni Msusi. Miezi minne walivuta uchafu bega kwa bega wakiambiana "shika hapa" na "legeza" na si zaidi. Mwezi wa tano Msusi alimkaribisha chai. Akanywa.

Mguu ulipona, ila vidole viwili havikukunjika tena. Mshipa ulikatwa, daktari alisema. Binti anatembea akiuburuta kidogo, na viatu vya kulia huisha mapema. Hajawahi kumlaumu mama yake. Jioni moja alisema tu, akifunga madaftari, "Likizo hii nitajifunza ususi kwa Dada Msusi. Kulala nitalala hapa."

"Nenda," mama akasema.

Na ilimwuma. Wivu si homa, kwamba unatoka jasho ukaisha. Lakini alisema nenda, akarudi kwenye cherehani.

Mama mwenzangu unayesoma, epuka haya:

Usipokee neno la mtu aliye juu ya kigoda ukalifanya mto wa kulalia. Muulize mwanao, na umuulize mara moja.

Usimhoji mtoto kwa sababu anacheka.

Usikatae heshima ukigawiwa nusu, kisha uende kuitafuta nzima kwa mlango wa nyuma.

Usiseme fulani amekubali kama fulani hajui.

Usianze juu.

Usiache bati ukingoni. Litoe mtaroni, ulipeleke jalalani, siku ile ile.

Vipande vya kitambaa na nywele visitupwe mtaroni, hata kidogo, hata ukiwa na haraka.

Na mtoto asiingie kwenye maji machafu bila mabuti, hata kama anaokoa mali ya mtu anayempenda.