Disketi Iliyokataa Kufunguka

Injinia Masalu aliingiza disketi ya pili kwenye laptopu yake mpya. Mashine ikakoroma kidogo, kisha yakatokea maneno kwamba disketi hii haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa?

"Nibonyeze ndiyo?" akauliza.

"Ukibonyeza itafunguka?"

"Itafunguka. Ila itakuwa tupu."

Nilimshika mkono kabla sijakumbuka kwamba ni mgeni, tena mkubwa wangu.

Ilikuwa Februari 1997. Tangu nimalize chuo nilikuwa nikijitolea katika ofisi ya parokia hapa Ifakara, na kwa masika mawili niliandika kwenye daftari kila siku ambayo mto Lumemo ulifunga njia, pamoja na jina la kila mjamzito na kila mgonjwa aliyeshindwa kuvuka kwenda zahanati. Daftari zenyewe zililowa, zikaoza. Sikuhuzunika sana, kwa sababu nilikwisha kuyaingiza yote kwenye kompyuta ya ofisi, nikaamini kuwa sasa maji hayatayafikia. Mwezi Desemba radi ikaiunguza kompyuta. Zikabaki disketi mbili.

Sasa Injinia alikuwa anachagua mahali pa kujenga madaraja ya waenda kwa miguu, na jioni hiyo alikuwa anapanda treni kurudi Dar es Salaam na orodha yake.

"Bila takwimu za miaka yote miwili siwezi kuitetea Lumemo," alisema. "Nitaandika nini, dada Aneth? Kwamba binti mmoja alinisimulia?"

Disketi ya kwanza, ya mwaka 1995, ilifunguka mara moja. Ilikuwa kuukuu, imechubuka. Iliyokataa ni hii ya pili, niliyoinunua Morogoro ikiwa mpya kwenye boksi lake. Zote mbili niliziandika kwa mikono yangu, kwenye kompyuta ileile. Sikuelewa. Tuliitoa, tukaipuliza, tukakichezesha kile kibati chake. Tukaizima laptopu, tukaiwasha upya. Ikauliza swali lilelile, kwa adabu ileile.

Mama Domitila alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango akimalizia pindo la mkeka. Yeye na akina mama wenzake huleta mikeka yao hapo ofisini ili iuzwe.

"Mashine yako ngeni, Msukuma," akamwambia Injinia. "Haijazoea watu wa huku. Ungekuja na ng'ombe tungeelewana."

Injinia akacheka. "Ng'ombe wangu nao mngesema wamekula mpunga wenu, mama."

"Si ndivyo wanavyofanya? Haya, leteni nizione."

Nilimpa zote mbili, maana sikuwa na wazo jingine. Akaziweka juu ya mkeka, moja kando ya nyingine, akazigeuza taratibu kama anayekagua ukindu.

"Hizi si pacha," akasema. "Hii ina tundu moja pembeni. Hii ina mawili."

Muda wote huo nilikuwa nimezishika, sikuwahi kuliona.

"Ni umbo tu, mama," Injinia akasema. "Tundu haliandiki kitu."

"Na iliyofunguka ni ipi?"

"Yenye moja."

"Basi zibeni hilo la pili, muone."

Injinia alinitazama, nami nikamtazama. Kuziba tundu kwenye plastiki ili kompyuta isome majina ya watu! Hata hivyo nilifungua droo, nikatoa stempu ya barua, nikailamba na kuikunja juu ya tundu, pande zote mbili. Ulimi ukabaki na ladha ya gundi.

"Ikinasa humo ndani?" nikauliza.

"Tutakuwa tumeharibu laptopu ya serikali," Injinia akajibu, akaisukuma disketi.

Ikakoroma. Ikanyamaza. Kisha likatokea jina la faili langu: Lumemo 96.

"Mungu wangu," nikasema. "Kwa nini?"

"Sijui. Na usiniulize kabla sijainakili."

Alipomaliza kunakili akasema labda kompyuta yetu kuukuu iliandika disketi zote kwa mtindo wa zamani, wa tundu moja, na lile la pili ndilo lililoidanganya laptopu. Kisha akaanza kusoma, kidole kikishuka polepole kwenye kioo. Mto ulifunga njia siku thelathini na nane. Watu sitini na wawili hawakuvuka.

"Hizi nyota kando ya majina?"

"Ni waliojifungulia ukingoni, wakisubiri maji yapungue."

Alirudi juu ya ukurasa akazihesabu nyota, midomo ikicheza bila sauti. Kumi na moja. Mama Domitila alikuwa ameacha kusuka.

Injinia akafungua orodha yake ya madaraja, akaandika Lumemo juu kabisa, mbele ya majina mengine yote. Akaihifadhi. Akaitazama ile mashine kama mtu asiyeiamini, kisha akaihifadhi tena.