Vifuniko Kwenye Kichanja cha Vyombo

Mama hakuwa mtu wa kuacha uchafu ulale. Mumewe alipomaliza kuifungua injini ya lile gari lao la dizeli na kwenda kuoga, yeye alikuta varanda imejaa vyuma vyeusi tii. Akamimina mafuta ya taa kwenye beseni, akashika brashi, akasugua: pistoni, mikono ya chuma inayozishika, na vile vifuniko vinne vinavyoibana mikono hiyo kwenye krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Vilipotakata, akavipanga vyuma vyote kwenye kichanja cha vyombo, vikubwa nyuma, vidogo mbele.

Mzee alirudi na taulo begani, akaganda kama aliyeona nyoka.

"Mama watoto, kifuniko kipi kilikuwa cha mkono upi?"

"Si vyote vinafanana?"

"Hata viatu vyangu na vya kaka yako vinafanana. Nikivaa vyake, nachechemea."

Kila kifuniko kilikuwa kimezeeka na mkono wake. Ukivichanganya, krenki inakwama. Alama hazikuwepo; Mzee alikuwa amevilaza sakafuni kwa mpangilio, akadhani inatosha. Na binti yao, kitindamimba, alikuwa ameshasema: Jumamosi gari lisipowaka, gari la winchi linalivuta kwenda kwa wauza vyuma chakavu. "Baba, hilo si gari, ni jiko la kuni," alisema.

Mama akakaa chini, puu. Lilikuwa ndilo gari lililowarudisha watoto wote watatu kutoka hospitali wakiwa wachanga. Ndilo alilojifunzia kuendesha, mumewe akitembea pembeni kwa miguu kwa sababu, alidai, huko nje kulikuwa salama zaidi. Miaka ile, mngurumo wake ukisikika tu kule kona, yeye aliteleka sufuria na watoto walikimbilia getini.

"Lete hivyo vyuma," alisema.

Diploma yake ilikuwa ya ushonaji. Alikaza kifuniko cha kwanza kwenye mkono wa kwanza, akapitisha ukucha mahali vinapokutana. Ukucha ukanasa.

"Mshono umepanda. Siyo hiki."

Akajaribu kingine, akakigeuza, akajaribu tena, mpaka ukucha ukapita laini kama kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Mumewe alifuata nyuma yake, akifunga kila jozi kwenye krenki na kuizungusha kwa mkono. Ikazunguka.

"Kumbe nilioa fundi."

"Ulioa mtu msafi. Kaza nati, acha maneno."

Jumamosi binti alifika, winchi nyuma yake. Mzee akaingia garini, akawasha. Injini ikakoroma, ikanyamaza. Akawasha tena, ikakohoa moshi mzito, ikagongagonga, kisha ikatulia kwenye mngurumo wake ule ule, mzito, wa taratibu.

"Haya, sema sasa," Mama alimwambia binti yake.

Binti alikuwa ametazama getini, mkono kifuani, kama anayesubiri mtu aingie.

"Kaka, nisamehe kwa usumbufu," hatimaye alimwambia mwenye winchi. "Rudi tu."

Kiti cha mbele kilikuwa wazi, mlango umefunguliwa. Akaupita, akafungua wa nyuma, akajisogeza hadi katikati, mahali pake pa utotoni, magoti yakimfika kidevuni.

"Twende basi, baba."

"Hakuna kwenda," Mama akasema, akizunguka kwenda kukaa mbele. "Kwanza futa hivyo viatu."