Kuku wa Ndeshi

...na kwa nini Mzee Naftali amnyanyue juu vile, amzungushe mbele ya watu wote waliotoka ibadani kana kwamba hawajawahi kuona kuku, wakati mkungu wa ndizi uko pale pale miguuni pake na mnada ungeweza kuanza na huo, au na mayai, au na lile debe la maharage, lakini wapi, ameanza na kuku wa Ndeshi, tena kwa jina, "Huyu ni wa dada yetu Ndeshi fundi, kuku anayetaga, nani anaanza?", na Ndeshi aliyejibanza nyuma kabisa, kwenye ukuta wa kanisa, akaona vichwa vinageuka kimoja kimoja, hata vya wale walioshaanza kuelekea barabara ya lami, akajua amefanya kosa, kosa la kijinga, maana alidhani sadaka ni sadaka, unaiweka madhabahuni, unakwenda zako, kumbe hapa Maji ya Chai mwanamke asiye na mume wala mtoto akitoa kuku anayetaga ni sawa na kubandika tangazo mlangoni kwamba anahama... mia nane, anasema mtu, mia nane, kuku wa kienyeji mzima... safari ilikuwa iwe Alhamisi alfajiri, basi la kwanza, begi moja na kichwa cha cherehani ndani ya gunia, asiage mtu, na kabla hawajaamka vizuri awe yuko Moshono, kule Arusha mjini, kwa binamu yake Agnela, ambako jirani hajui umepika nini wala hataki kujua, na hoteli ya watalii imemwandikia aje ashone mashuka na sare za wahudumu, barua iliyopigwa kwa mashine, yenye mhuri, iliyopitia sanduku la posta la usharika kwa sababu nusu ya mji huu inatumia sanduku hilo hilo moja, Jumapili iliyopita akaitwa jina baada ya matangazo akaipokee, na bahasha ilikuwa imefungwa upya kwa ugali, ugali jamani, umekauka pembeni, hata gundi hawakuona haja ya kununua, na ukiuliza nani kafungua wataumia wao, watakwambia tulidhani ni msiba, tulitaka tukuandae... "Elfu moja kwa Mzee Solomoni, nani anaongeza?"... na hao hao, wanaojua alimkataa Oscar aliyetaka kumwoa mwaka gani na kwa maneno gani, marobota ya mitumba yaliposhuka sokoni walikimbia wote, Mama Yiamat wa kwanza, akapita mbele ya kibaraza cha Ndeshi na gauni la Ulaya mkononi, akamsalimia vizuri kabisa, habari za kazi, fundi, kazi gani, kazi ipi, miaka kumi na miwili amewashonea sare za watoto wao, ameongeza pindo, ameachia pindo, na leo akitaka kuondoka bila kutazamwa hapati hata hilo, na amemwona Irine, aliyeagwa kwa soda na maombi akaenda Arusha, akarudi baada ya miezi minne, sasa ana mume, ana watoto watatu na shamba la nyanya, na bado anaitwa Irine wa Arusha, hapana, Ndeshi hatawapa nafasi hiyo, afadhali ashindwe mahali ambapo hakuna anayemjua... na mvua ile, si sasa, hataki kuikumbuka sasa, mama yake amelazwa kitandani na kitanda chenyewe kimebebwa na wanaume wanane kwenye tope mpaka lami, Mzee Naftali mbele kushoto, kiatu kimoja kimebaki njiani, na Mama Yiamat akikimbia pembeni na mwavuli juu ya uso wa mgonjwa, yeye mwenyewe analowa, hakuna aliyewaita, walijua tu, kama wanavyojua kila kitu, lakini hilo haliwapi ruhusa ya kufungua barua ya mtu, hata kidogo, ingawa Agnela amekaa Moshono miaka miwili hajui jina la jirani yake, na alilisema hilo kwa kujisifu, na Ndeshi akacheka naye, na njiani kurudi akajiuliza huko nani atabeba kitanda... "Mara ya tatu, amekwenda kwa Mama Yiamat," lakini Mama Yiamat hapokei kuku, anafuta mikono kwenye khanga, anasema, "Mzee, mimi namzawadia Ndeshi mwenyewe. Aende naye Moshono, kule mayai ni ya kisasa tu, hata kiini hakina rangi," na watu wanacheka, kicheko cha kawaida cha Jumapili, kuku anapita mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka kifuani kwa Ndeshi, wa moto, moyo unamdunda, na Mzee Naftali anamwambia kutoka kule mbele, "Alhamisi tutakusindikiza mpaka lami, mwanangu, lile gunia la cherehani ni zito," kumbe hata gunia, hata gunia wanalijua, na hasira inampanda, maana majibu anayo, ameyapanga wiki nzima, la atakayesema mjini utashindwa, la atakayesema kaburi la mama yako unamwachia nani, na la atakayemshika mkono amwambie usiende, hilo hasa, hilo alilipanga kuliko yote, fupi na kali, na sasa amemkumbatia kuku anawatazama mmoja mmoja, Mama Yiamat, Mzee Solomoni, wanawake wa kwaya, anangoja, hata mmoja tu, na Mzee Naftali anainama, ananyanyua mkungu, anasema, "Haya, ndizi hizi, nani anaanza?", na wote wanageuka kutazama ndizi.